Max Sänger: Daktari kijana aliyekataa kuacha mfuko wa uzazi wazi

Mama mjamzito wa Ziba, wilayani Igunga, akienda kliniki na mimba ya pili, lazima aulizwe mtoto wa kwanza alizaliwaje. Akisema ni kwa operesheni, mambo yanabadilika. Anashauriwa asijaribu kujifungulia nyumbani, na mapema ipangwe hospitali atakayokwenda.

Sababu ni kovu. Si lile la tumboni linaloonekana, bali lile la ndani, kwenye mfuko wa uzazi. Kovu hilo lina historia, na jina la Max Sänger limo ndani yake.

Sänger alizaliwa Bayreuth, Ujerumani, Machi 14, 1853. Alisomea udaktari, kisha akawa msaidizi wa Profesa Credé mjini Leipzig, yule aliyeanzisha matone ya dawa machoni mwa watoto wachanga ili wasipofuke.

Enzi hizo, kumpasua mama ili kumtoa mtoto ilikuwa karibu sawa na kumuaga. Daktari alipasua tumbo, akapasua mfuko wa uzazi, akamtoa mtoto, kisha akashona tumbo peke yake. Mfuko wenyewe uliachwa wazi.

Haukuwa uzembe. Wengi waliamini mfuko ukijikaza baada ya kuzaa utajifunga wenyewe, na kwamba uzi utakaobaki ndani utaleta usaha. Matokeo yake, akina mama walivuja damu hadi kufa, au waliuawa na maambukizi.

Mwaka 1876, Eduardo Porro wa Italia alipata njia nyingine: baada ya kumtoa mtoto, aliukata mfuko wa uzazi na kuuondoa. Mama yule alipona, lakini hakuweza kubeba mimba tena.

Huku Afrika Mashariki nako kulikuwa na mafundi. Mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia operesheni ya namna hiyo huko Bunyoro, ng'ambo ya njia ya misafara iliyotoka Tabora kwenda Buganda. Mganga alinawa mikono kwa pombe ya ndizi na kuzuia damu kwa chuma cha moto. Mfuko wa uzazi ulikamuliwa hadi ukajikaza, bila kushonwa. Tumbo lilifungwa kwa pini za chuma na kamba ya gome la mti. Mama na mtoto walipona.

Sänger hakutaka mama apone kwa bahati. Mwaka 1882, akiwa na miaka 29 tu, alitoa kitabu akitetea jambo ambalo leo linaonekana la kawaida kabisa: mfuko ukipasuliwa, ushonwe.

Alikusanya taarifa za madaktari waliowahi kujaribu, wakiwemo wa Marekani, akapanga utaratibu wake. Tabaka la ndani lishonwe kwa waya wa fedha, ambao haukusumbua mwili kama nyuzi nyingine. Juu yake upite uzi wa hariri, ukutanishe kingo za kidonda vizuri ili uchafu usipenye kuingia tumboni. Na usafi uzingatiwe mwanzo hadi mwisho.

Mwaka huohuo daktari mwenzake, Leopold, aliitumia njia hiyo. Mama na mtoto wakapona. Taratibu, madaktari wa nchi nyingine wakafuata.

Sänger hakuwa peke yake. Mwaka mmoja kabla, Mjerumani mwenzake Ferdinand Kehrer naye alishona mfuko, tena alikata sehemu ya chini, kwa upana.

Hapo ndipo njia ya Sänger ilipokuwa na pengo. Yeye alikata sehemu ya juu, yenye nyama nene inayojikaza sana wakati wa uchungu. Kovu la hapo lina hatari kubwa zaidi ya kupasuka mimba inayofuata. Ilichukua miaka mingi hadi Munro Kerr wa Glasgow, kwenye miaka ya 1920, alipowashawishi wenzake kukata chini, ambako ndiko kunakokatwa zaidi siku hizi.

Sänger hakuyaona hayo. Alifariki Januari 12, 1903 mjini Prague, alikokuwa profesa, akiwa na miaka 49.

Swali lake bado linafanyiwa kazi. Utafiti wa CORONIS, uliohusisha zaidi ya wanawake 15,000 katika nchi 7, Kenya ikiwemo, ulilinganisha kushona mfuko tabaka moja na mawili. Akina mama walifuatiliwa miaka mitatu baadaye, na haikuonekana tofauti ya maana katika mimba zilizofuata.

Kwa mama wa Ziba, somo ni jepesi. Atunze kadi yake, aulize alikatwa juu au chini, na uchungu ukianza awahi hospitali. Kovu la ndani halionekani kwa macho, lakini linaweza kuachia.