Leakey na Ufunguo wa Lugha

Wanafunzi wetu humjua Louis Leakey kwa Olduvai na fuvu alilolipata mkewe, Mary, mwaka wa 1959. Ni wachache wajuao kwamba kazi yake ya kwanza ya visukuku ilihusu reptilia wa kipindi cha Jurasiki, na kwamba ufahamu wake wa watu na lugha za hapa ndio uliompatia kazi hiyo.

Alizaliwa Kabete mwaka wa 1903, mwana wa wamishonari, akakua akisema Kikuyu pamoja na vijana wa rika lake. Mwaka wa 1923, akiwa mwanafunzi Cambridge, aliumia kichwa katika mchezo wa raga na kulazimika kuacha masomo kwa muda. Wakati huo Makavazi ya Uingereza yalikuwa yakiandaa safari ya Tendaguru, karibu na Lindi, ambako Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Kiongozi wa safari, William Cutler, aliijua mifupa lakini hakuijua Afrika. Leakey, kijana wa miaka 20, akaajiriwa kuwa msaidizi wake.

Huko Tendaguru, matabaka yenye mifupa ya reptilia wa nchi kavu hupishana na yale yenye makombe ya bahari, ya miaka ipatayo milioni 150. Cutler alimfunza kuufukua mfupa na kuufunga kwa plasta usivunjike. Mfupa hauainishwi kwa ukubwa wake, bali kwa umbo lake. Na tabaka ulimolala ndilo linaloeleza umri wake. Nasi wanaisimu huliainisha neno kwa umbo lake na mahali pake katika sentensi.

Cutler alifariki huko Lindi mwaka wa 1925. Leakey alihitimu mwaka wa 1926, akaitafiti Afrika Mashariki hadi kifo chake mwaka wa 1972.

Nayasema haya kwa ajili ya watoto wa Kipsongo, hapa Kitale, ambao wengi wao ni Waturkana. Katika baadhi ya shule zetu, mtoto huadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Ilhali barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar ndiyo iendayo kwenye nchi ya visukuku: Nariokotome, alikogundua Kamoya Kimeu mifupa ya yule mvulana wa kale mwaka wa 1984. Mtafiti ajaye huko humhitaji mtu wa kuzungumza na wachungaji waijuao kila korongo. Mwalimu anayemnyamazisha mtoto huyo anamnyima sifa ile ile iliyomwajiri Leakey.