Tajiri wa Misafara

Mkulima wa Lumuma apelekaye vitunguu vyake sokoni kwa lori huenda asijue kwamba bidhaa za zamani zilivuka milima hii ya Usagara mabegani mwa wapagazi. Miongoni mwa waliozituma alikuwamo Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, Mwismailia mwenye asili ya Kutch, aliyezaliwa mwaka 1851. Huyo aliwapatia wasafiri nguo, shanga na watu wa kuchukua mizigo. Stanley, aliyemkuta mwaka 1871 akiwa kijana wa miaka ishirini tu, alimlaumu kitabuni kwa hila za biashara. Nasi hatuoni sababu ya kuyafuta hayo, kwani utajiri ule ulitoka katika jasho la watu ambao wengi wao hata majina hayakuandikwa.

Lakini yatupasa kutazama alivyoutumia. Mwaka 1892 alitoa nyumba ya shule Bagamoyo, akaishurutisha serikali ya Wajerumani ipokee watoto wa kila taifa. Alifariki mwaka 1897. Fedha zake zilijenga hospitali Dar es Salaam, na wakoma wa Bagamoyo nao hakuwasahau. Katika hospitali ya Muhimbili, jengo moja lingali laitwa Sewa Haji.