Zheng He: Amiri wa bahari aliyewarejesha wajumbe Malindi

Miaka 80 hivi kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mnamo 1498, bandari hiyo ilikuwa imekwisha kuziona merikebu za taifa kubwa la mbali. Zilitoka China, na amiri wake alikuwa Zheng He, towashi aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu.

Alizaliwa mwaka 1371 katika jimbo la Yunnan, akaitwa Ma He. Baba yake na babu yake walijulikana kwa jina la Haji. Majeshi ya ukoo wa Ming yalipoiteka Yunnan, baba alifariki, naye mtoto akatekwa, akahasiwa na kupelekwa kumtumikia mwana wa mfalme, Zhu Di. Huko alikua akawa askari hodari na msiri wa bwana wake. Zhu Di aliponyakua kiti cha enzi mwaka 1402 na kujiita Yongle, hakumsahau.

Yongle alitaka falme za ng'ambo zimtambue na njia za biashara ziwe salama. Mwaka 1405 alimkabidhi Zheng He watu zaidi ya 27,000 na kumtuma katika Bahari ya Hindi, safari ya kwanza kati ya saba. Merikebu zilibeba hariri na vyombo vya kauri, lakini zilibeba askari pia. Huko Palembang, mwaka 1407, alimnasa haramia Chen Zuyi. Mwaka 1411 alipigana na mtawala wa Ceylon, akamchukua mateka hadi China. Habari za namna hiyo husafiri upesi. Watawala wengi wakaona heri kutuma zawadi.

Malindi, iliyokuwa mbali na vita hivyo, ilituma wajumbe kwa hiari mwaka 1415 pamoja na twiga, ambaye huko alipokewa kama qilin, mnyama wa heri. Katika safari ya tano, kati ya 1417 na 1419, msafara wa Zheng He uliwarejesha wajumbe makwao na kufika Mogadishu, Barawa na Malindi. Haukujenga ngome wala kuacha kikosi.

Hata hivyo, urafiki huo ulitegemea nia ya mtu mmoja. Yongle alifariki mwaka 1424, na mrithi wake akazisimamisha safari kwa sababu ya gharama. Zheng He alipewa ulinzi wa Nanjing, akasafiri mara ya mwisho mwaka 1431. Inaaminika alifariki mwaka 1433. China ikaipa bahari kisogo.

Wareno walipofika, Malindi, iliyokuwa na uhasama na Mombasa, iliwakaribisha pia. Hao hawakuondoka: mwaka 1593 walianza kujenga Fort Jesus huko Mombasa.

Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China waligundua sarafu ya enzi ya Yongle huko Mambrui, kaskazini mwa Malindi. Mwaka huo huo meli ya hospitali ya jeshi la majini la China ilitia nanga Mombasa, wakati manowari za nchi hiyo zilikuwa zikilinda meli za biashara katika Ghuba ya Aden tangu 2008.

Maisha ya Zheng He yanafundisha kwamba mgeni mwenye nguvu huja kwa haja zake, na haja hizo zikiisha hung'oa nanga. Mwenyeji naye yampasa ajue haja zake mwenyewe kabla mgeni hajashuka pwani.