Louis Leakey na picha iliyomponza ng'ambo ya Dunga

Ng'ambo ya Ghuba ya Winam, kusini-magharibi mwa ufuo wa Dunga, Kisumu, ndiko uliko Mlima Homa. Karibu na mlima huo, mahali paitwapo Kanam, sifa ya Dkt Louis Leakey ilikaribia kuzama kwa sababu ya picha.

Leakey alizaliwa Kabete mnamo Agosti 7, 1903, mwana wa wamishonari Waingereza. Alikua akizungumza Kikuyu kama wenyeji, akasomea Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akarejea nyumbani kutafuta mabaki ya binadamu wa kale.

Mnamo Machi 1932, msaidizi wake, Juma Gitau, alipata kipande cha taya huko Kanam. Leakey aliamini kwamba lilikuwa la binadamu wa kale mno. Alipigilia vigingi vya chuma kuonyesha mahali hapo, kisha akapiga picha. Lakini kamera yake ilikuwa na hitilafu, na picha hazikufaa.

Mnamo 1935, mwanajiolojia Percy Boswell alifunga safari kutoka Uingereza kuja kujionea. Vigingi havikuwapo tena; wenyeji walikuwa wameving'oa ili wajifaidi kwa chuma chake. Picha ya mtu mwingine, ambayo Leakey aliitumia badala ya zake, ikabainika kuwa ya mahali pengine. Boswell aliyaandika hayo katika jarida la Nature, na jina la Leakey likaingia doa miongoni mwa wasomi.

Hata hivyo, hakukata tamaa. Mnamo 1948 mkewe, Mary, alipata fuvu la Proconsul katika kisiwa cha Rusinga, ziwani humo humo, na mnamo 1959 akapata la Zinjanthropus huko Olduvai, Tanganyika. Ugunduzi huo uliirejesha heshima ya jamaa hiyo duniani. Leakey alifariki London mnamo Oktoba 1, 1972, akazikwa Limuru. Dai lake kuhusu umri wa taya la Kanam halikukubaliwa.

Kisa hicho kinamhusu kila anayehifadhi negativu kubwa za kale. Anayetaka kuziingiza katika kompyuta kwa gharama nafuu anaweza kutumia skana ya mezani, mradi kifuniko chake kiwe na taa ya kupenyeza mwanga kwenye filamu. Skana ya karatasi pekee haiwezi kazi hiyo. Apime pia upana wa sehemu yenye taa. Skana nyingi za bei ya chini ziliundiwa filamu ndogo, hivyo negativu ya inchi 4 kwa 5 hulazimika kuchukuliwa vipande viwili na kuunganishwa baadaye.

Lakini hakuna skana, iwe rahisi au ghali, inayojua picha ilipigwa wapi. Jina la mahali na tarehe huandikwa kwa mkono juu ya bahasha ya negativu, tena siku ile ile picha inapopigwa.