George Frideric Handel: Mgeni Aliyeshukuru kwa Matendo

Wapendwa, kwaya yetu imeimba Haleluya ya Handel kwa miaka mingi. Katika jubilii hii ni vyema tumfahamu aliyeitunga, na pia watu waliompokea.

Handel alizaliwa tarehe 23 Februari 1685 mjini Halle, Ujerumani. Baba yake alitaka asomee sheria, lakini moyo wake ulikuwa kwenye muziki. Baada ya kukaa Italia alihamia London, na mwaka 1727 akawa raia wa Uingereza. Alisifiwa sana kwa opera zake, lakini sifa hazidumu. Mwaka 1737 alipatwa na maradhi yaliyolemaza mkono wake wa kulia kwa muda. Mwaka 1741 opera yake ya mwisho ilionyeshwa mara tatu tu.

Mwaka huohuo alialikwa Dublin, Ayalandi. Alifika Novemba akiwa na utungo mpya, Masihi, alioukamilisha kwa siku 24. Maneno yake yalikuwa yamechaguliwa kutoka Biblia na Charles Jennens. Watu wa Dublin walimpokea kama mtu wao. Watu 600 walilipia mapema matamasha yake sita, hata hakuhitaji kuuza tiketi mlangoni. Handel alimwandikia Jennens akieleza furaha yake kwa ukarimu huo.

Hakuishia kwenye barua. Tarehe 13 Aprili 1742 Masihi iliimbwa kwa mara ya kwanza, na waimbaji walitoka katika makanisa makuu mawili ya mji huo. Wanawake waliombwa wasivae sketi zenye pete pana, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili watu wengi zaidi wapate nafasi. Walioingia walikuwa kama 700. Mapato yalikwenda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni. Wafungwa 142 walilipiwa madeni yao wakarudi kwa jamaa zao.

Aliporudi London aliendelea vivyo hivyo. Kuanzia 1750 aliongoza Masihi kwa manufaa ya makao ya watoto waliotupwa, na katika wosia wake akayaachia nakala ya utungo huo. Hata alipopofuka hakuacha muziki. Alifariki tarehe 14 Aprili 1759, akazikwa Westminster Abbey.

Wapendwa, nasi tumebebwa. Washirika walitushonea sare, wakatuchangia nauli, wakatuvumilia tulipokosea sauti. Watu wa Dublin hawakuwa na haja ya kulipwa na Handel, kwa hiyo shukrani yake aliielekeza kwa wahitaji waliokuwa kati yao. Ndivyo tulivyoamua sisi pia: sadaka ya tamasha la leo itakuwa karo ya watoto wahitaji wa kanisa letu. Karibuni tuimbe, na tutoe.

Mungu awabariki.

Katibu wa Kwaya