Mwenda Jean-Bosco na visanduku kumi na sita

Katika masomo yetu jina la Mwenda Jean-Bosco hujitokeza mahali pawili. Mwalimu wa isimu humtaja anapofika kwenye Kiswahili cha Katanga, na mwalimu wa fasihi simulizi humtaja anapofika kwenye nyimbo za mjini. Kote kuwili hupewa dakika tano, kisha somo linaendelea. Mimi nimekaa naye muda mrefu zaidi, kwa sababu jioni natengeneza muziki hapa Kolwezi, na chombo ninachokitumia kimenilazimisha kumsikiliza upya. Chombo hicho ni mashine ya ngoma ya zamani, Boss DR-110, ya mwaka 1983. Ni ndogo kama kitabu, inakula betri, na ina sauti sita tu: ngoma kubwa, ngoma ndogo, upatu, kofi, na sahani mbili, moja iliyofungwa na moja iliyoachwa wazi. Umeme ukikatika mtaani, yenyewe inaendelea.

Lakini kwanza mtu mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, ambayo leo imo katika mkoa wetu wa Lualaba. Bunkeya haikuwa kijiji cha kawaida. Ilikuwa mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Bayeke, aliyeuawa hapo hapo Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs waliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Bayeke walikuwa wamefika kutoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa, katika Tanzania ya leo, wakifuata shaba, pembe na njia za misafara. Jina la Mwenda ni la ukoo huo wa kifalme. Nalitaja jambo hili kwa sababu baadhi yetu husema Kiswahili kililetwa Katanga na makampuni ya madini peke yake. Bunkeya inaonyesha kuwa njia ya kwanza ilipita mashariki, kwa miguu, kabla reli haijafika.

Hata hivyo, Kiswahili alichokiimba Mwenda ni kile cha kambi za wafanyakazi. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na kuanzia miaka ya 1920 ilianza kuwaweka wafanyakazi wake makambini pamoja na wake zao na watoto. Watu walitoka Kasai, Maniema, Rwanda na kwingineko. Lugha ya kuwaunganisha ikawa Kiswahili. Kolwezi yenyewe ilianza mwaka 1937 kwa mtindo huo. Ndiyo lugha yetu ya nyumbani: wingi wa watu ni ba-, si wa-, tunasema njo pale ambapo kitabu kinasema ndiyo au ni, mu imechukua kazi nyingi za katika. Mwenda hakuibadilisha alipoimba. Aliimba jinsi watu wa Jadotville walivyozungumza, yaani Likasi ya leo, na santuri zake zikasafiri na lugha hiyo mpaka mahali ambapo watu walikuwa wamefundishwa kuicheka.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika Kusini, alikuwa akizunguka Kongo na vyombo vya kurekodia. Alimkuta kijana huyu na gitaa lake Jadotville. Mwenda alikuwa na miaka 22 hivi. Kati ya nyimbo alizorekodiwa mwaka huo ni Masanga, ambayo hadi leo wapigaji wa gitaa wa Ulaya na Marekani huijaribu kama mtihani. Santuri zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, kila upande dakika tatu hivi, na katika miaka kumi iliyofuata zilifika zaidi ya nyimbo 100.

Kuhusu upigaji wake wengi wameandika, na David Rycroft alichapisha uchambuzi mrefu katika miaka ya 1961 na 1962, akiandika noti moja moja. Mimi nitasema kile tu ambacho sikio linakipata. Mwenda alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba liko kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kwenye nyembamba. Msikilizaji wa mara ya kwanza huapa kuwa ni magitaa mawili. Sababu ni kwamba vidole hivyo havipigi pamoja kama mguu na mkono wa askari: kimoja kinajaza nafasi ambayo kingine kimeiacha, na sauti ya juu mara nyingi inaanza pale ambapo hukuitegemea.

Hapa ndipo mashine iliponisaidia. Mashine za aina hii zinagawa mdundo katika visanduku 16. Unachagua sauti, unaweka alama kwenye kisanduku unachotaka, na mzunguko unajirudia mpaka uuzime. Kwa mtu aliyesomea Ulaya hesabu hiyo ni nne mara nne, na vifungo vya mashine vimepangwa kwa imani hiyo. Lakini 16 ni hesabu ya kwetu pia. Gerhard Kubik, aliyefanya utafiti mwingi Angola na Zambia, alieleza mdundo wa vipigo 9 ndani ya mapigo 16, unaogongwa kwa vijiti ubavuni mwa ngoma. Upo kwa Waluvale na Wachokwe, na majirani zetu hapa Kolwezi wanaujua bila kuwa na jina lake la kitabuni. Njia moja ya kuuweka kwenye mashine ni hii: visanduku vya 1, 3, 5, 7, 8, 10, 12, 14 na 15. Vingine viache wazi. Bonyeza uanze, na utasikia kuwa mashine ya Kijapani imeanza kutembea kama mtu wa Dilolo.

Nyimbo za gitaa za Katanga, zilipopata msaidizi, zilipata chupa. Mtu wa pili aliketi kando akiigonga kwa kitu cha chuma, na kazi yake ilikuwa hiyo tu, kushika njia ili mpiga gitaa aweze kupotea na kurudi. Nchini Kenya jambo hilo lilienea sana, hasa kwa wapigaji wa omutibo kama George Mukabi, wakitumia chupa ya soda. Mwenda mwenyewe alifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, akakaa kwa muda, akasikika redioni, na binamu yake Edouard Masengo naye alifanya kazi huko. Vijana wa Kenya waliwaiga vidole, na wengine waliiga hata matamshi. Fikiria hali hiyo: Kiswahili ambacho vitabu vya shule viliita kibovu kinaimbwa Nairobi kama alama ya ustadi.

Maisha ya baadaye yana vipande virefu visivyo na sauti. Katanga ilijitenga Julai 1960 na kurudishwa Januari 1963. Biashara ya santuri ilibadilika, na magitaa ya umeme ya Léopoldville yakafunika mengine yote. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la Newport, Marekani, mbele ya watu waliokuwa wakizijua nyimbo zake kwa santuri za Tracey. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, mkoa ukaitwa Shaba, na Jean-Bosco akajulikana kama Mwenda wa Bayeke. Kwa watu wengi jina la enzi ile lilikuwa vazi la kuazimwa. Yeye lilimrudisha Bunkeya. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alikuja kujifunza gitaa kwake na kwa wenzake, na kitabu alichokiandika kuhusu safari hiyo ni moja ya sababu ya sisi kujua chochote kuhusu miaka hiyo. Mwaka 1988 Mwenda alirekodi tena, Cape Town, na kazi hiyo ilitolewa Marekani baada ya kifo chake. Alikufa Septemba 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Sasa niseme kwa nini jambo hili si historia tu. Tuko watu wanne tunaotengeneza toleo jipya la wimbo wake mmoja kwa ajili ya vijana wa hapa, ambao wengi hawajawahi kumsikia. Mwenzangu mmoja anataka ngoma kubwa ipige kwenye 1, 5, 9 na 13, kama biti nyingine zote zinazopigwa kwenye baa za mjini. Hoja yake ina uzito: kijana wa miaka 17 hatangoja sekunde kumi kabla ya kubadilisha wimbo. Na si kwamba muziki wa Kongo umeogopa mashine. Katika miaka ya 1980 wanamuziki wetu waliokuwa Paris walizitumia bila aibu, na watu walicheza.

Mimi nimekataa, na sababu yangu ni ya kusikia kabla ya kuwa ya heshima. Ukiweka ngoma kubwa mahali hapo, gumba la Mwenda linakuwa kazi bure. Kile alichokishika yeye kwa kidole kimoja, mashine inakishika kwa nguvu zaidi, na kidole cha shahada kinabaki kama pambo juu ya muziki wa mtu mwingine. Kuna tatizo la pili. Mwenda hakupiga akifuata saa. Nilipoiweka DR-110 sambamba na rekodi yake, walikwenda pamoja mizunguko michache, kisha wakaachana, kwa sababu yeye anasukuma kidogo anapoingia kuimba. Programu za kompyuta zinaweza kuikata rekodi vipande na kumlazimisha kila kipande kikae kwenye mstari. Tumejaribu. Noti zote zipo na wimbo haupo. Ni kama kuchukua maneno ya bibi yako na kuyarekebisha yote yawe sanifu, halafu kumsomea.

Tulichokubaliana kwa sasa ni hiki. Ngoma kubwa imezimwa. Sahani iliyofungwa imewekwa kwenye vile visanduku 9, kwa sauti ya chini, ikifanya kazi ya chupa. Rekodi ya zamani hatuikati. Badala yake kijana wetu wa gitaa anapiga upya, akiifuata mashine kwenye kipokea sauti cha sikio moja tu, na sikio la pili limeachwa wazi amsikie mwimbaji. Maneno yameachwa na ba- zake na njo zake. Mwenzangu wa ngoma kubwa bado hajaridhika, na amepewa ubeti wa mwisho ajaribu atakavyo.