Robert Stephenson na Daraja la Mto Dee

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari za George Stephenson, fundi mashuhuri wa magari ya moshi. Leo napenda kuwasimulia habari za mwanawe, Robert.

Robert alizaliwa mwaka 1803 karibu na mji wa Newcastle, Uingereza. Mama yake alifariki yeye angali mdogo. Baba yake hakupata kusoma utotoni, kwa hiyo alijitahidi sana mwanawe asome. Na Robert aliporudi nyumbani walisoma pamoja. Alipokuwa mtu mzima alijenga reli ya London mpaka Birmingham, iliyokwisha mwaka 1838, na baadaye akasimamia reli ya Alexandria mpaka Cairo, nchini Misri.

Mwaka 1846 daraja lake la chuma cha kusubu lilikamilika mjini Chester, juu ya mto Dee. Mkaguzi wa serikali alilitazama akalipitisha. Lakini jioni ya tarehe 24 Mei 1847, saa chache baada ya kokoto kumwagwa juu yake ili mbao zisishike moto, mhimili ulikatika treni ikipita. Mabehewa yalitumbukia, na watu 5 wakafa. Stephenson alidai kwamba treni iliacha reli ikaugonga mhimili, lakini baraza la uchunguzi halikukubali. Mpaka rangi mmoja alieleza kwamba alikuwa akiiona mihimili ikipinda inchi kadhaa treni zilipopita. Kumbe daraja lilikuwa likionyesha ugonjwa wake, ila hapakuwa na mtu wa kuupima.

Siku zizo hizo Stephenson alikuwa akijenga daraja jingine, Britannia, huko Wales. Hilo lilikuwa la chuma cha kufua. Yeye na wenzake, Fairbairn na Hodgkinson, walitengeneza kwanza mfano wake, sehemu moja ya sita ya ukubwa wenyewe, wakautwisha mizigo mpaka ukavunjika, wakautengeneza, wakaujaribu tena. Daraja lilifunguliwa mwaka 1850, likatumika mpaka moto ulipoliharibu mwaka 1970. Stephenson alifariki mwaka 1859, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Siku hizi kazi ya yule mpaka rangi hufanywa na vihisi. Uzi mwembamba wa madini hubandikwa juu ya chuma cha daraja. Chuma kikivutika, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, uzi nao huvutika, na umeme hupita ndani yake kwa shida zaidi. Kompyuta huandika badiliko hilo usiku na mchana, na wahandisi huonywa mapema.

Wanafunzi wenzangu, mtu hodari kama Stephenson alikosea, na kosa lake likaua watu. Basi tusione haya kupima kazi yetu mara ya pili, wala tusimdharau mtu mdogo anayesema ameona jambo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.